Waya wa Njano

Kamera ilifika Kilindoni ndani ya ndoo ya plastiki, imezungushiwa kanga kuukuu ili isigongwegongwe njiani. Mjomba alikuwa ameiagiza kwa mtu wa Kariakoo, ikapanda gari hadi Nyamisati, ikavuka bahari na kivuko, na jioni ile ikawekwa mbele yangu juu ya jamvi, karibu na bilauri ya chai. Ndani ya boksi mlikuwa na kamera yenyewe, memori kadi, nyaya tatu zilizotoka kwenye kidude cheusi kilicho kama kiberiti, na karatasi ya maelezo kwa Kichina na Kiingereza.

"Wewe umesoma," Mjomba akaniambia. "Ifunge."

Nilikuwa nimekuja likizo kutoka chuo, Dar es Salaam. Kwetu Mafia mtu anayesomea shahada ya uzamili anatarajiwa ajue kujaza fomu za kodi, kusoma maelezo ya dawa na kutengeneza redio. Mimi sikuwa nimewahi kufungua boksi la fyuzi maishani mwangu. Lakini mjomba aliyekulipia ada humwambii hujui.

Lori lenyewe ni Canter iliyotumika, imetoka Japani na maandishi yake ya Kijapani yangali kwenye vifuniko. Huleta saruji, mabati na soda kutoka bara, na kurudi na nazi. Siku ambazo halivuki hupeleka mizigo vijijini, Kirongwe, Bweni, wakati mwingine Utende. Dereva wake ana miaka tisa nalo na lile lililolitangulia. Hatuna damu moja, ila namwita Baba Mdogo, kwa sababu ndiye aliyenipeleka gatini na sanduku langu la bati siku nilipokwenda kuanza shule ya bweni bara, na akasubiri mpaka boti ikaondoka, ingawa mzigo wa watu ulikuwa ukimngoja.

Sababu ya kununua kamera ilikuwa ajali ya masika. Lori liliharibika jioni njiani kwenda kaskazini, likasimama. Kijana wa bodaboda akalivaa kwa nyuma gizani, akavunjika mfupa wa bega. Baba Mdogo alisema alikuwa ameweka matawi barabarani na kuwasha taa za tahadhari. Kijana alisema hakuona tawi wala taa. Watu walipofika kusaidia, matawi yalikuwa yamesukumwa pembeni na yeyote yule, pengine na hao hao waliokuja kusaidia, na taa zilikuwa zimezimwa ili betri isife. Wazee wakakaa, Mjomba akalipa matibabu. Hakumlaumu dereva kwa maneno. Ila tangu siku ile aliacha kumwachia chenji ya mafuta, ile ambayo zamani alikuwa akimwambia, "Kunywa chai." Mambo ya namna hii kisiwani yanasomeka vizuri kuliko barua.

"Tungekuwa na shahidi," Mjomba alisema akiigeuza ile kamera mkononi, "yasingetokea."

Neno hilo, shahidi, ndilo lililonifanya niandike haya, lakini kwanza nieleze kazi yenyewe, maana hoja yote imo ndani ya nyaya.

Canter ile hutumia umeme wa volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa kufuatana, tofauti na gari ndogo nyingi ambazo hutumia volti 12. Kamera inataka volti 5 tu. Kile kidude cheusi kazi yake ni kuushusha umeme. Ukinunua cha gari ndogo tu ukakifunga kwenye lori utakiunguza. Waya mweusi ni wa ethi. Unafungwa kwenye boliti inayoshika chuma cha bodi, chuma kikavu kisicho na rangi wala kutu, na kwenye gari la kisiwani lenye kupigwa na upepo wa chumvi kila siku, kuipata boliti ya hivyo kulinichukua karibu saa nzima na msasa. Waya mwekundu unakwenda kwenye fyuzi inayopata umeme pale tu swichi inapowashwa. Waya wa njano unakwenda kwenye fyuzi iliyo hai saa zote, swichi iwe imewashwa au funguo ziko mfukoni kwa dereva akiwa msikitini.

Fundi umeme mmoja aliniazima testa. Mkia wake unaubana kwenye chuma, ncha yake unaigusisha fyuzi moja baada ya nyingine, na taa iliyo kwenye mpini ikiwaka pana umeme. Unazima swichi, unarudia. Redio ikafa, waipa zikafa. Honi, taa za breki, taa za tahadhari na taa ya ndani ya kabini zikabaki hai. Fundi akanionya nisithubutu kupandikiza kitu kwenye fyuzi ya breki. Vipande vya kupandikizia vina nafasi mbili: unachomoa fyuzi ya zamani, unachomeka kipande mahali pake, unairudisha ile fyuzi kwenye nafasi moja, na kwenye nafasi ya pili unaweka fyuzi ndogo ya kamera. Kamera ikipata hitilafu, inakatika fyuzi yake peke yake na redio haina habari.

Sasa, huo waya wa njano ndio unaoifanya kamera isilale. Lori likizimwa, kamera inabaki inapiga picha pole pole, ikitikiswa inaamka kabisa na kurekodi. Betri zikianza kushuka, kidude kinaikata yenyewe kwenye kiwango ulichokichagua, ili asubuhi lori liwake. Bila waya huo kamera inakufa na swichi na kufufuka nayo.

Niliyafahamu haya usiku, nikisoma ile karatasi kwa tochi ya simu. Na ndipo nilipoona kwamba kamera ina macho mawili. Moja linatazama barabara. La pili, dogo, limezungukwa na vidoa vya taa isiyoonekana kwa jicho la mtu ili lione gizani, linatazama ndani. Tena ina sikio.

Lori lile si ofisi ya Baba Mdogo tu. Likichelewa kivuko upande wa Nyamisati, hulala humo. Huswali humo mvua ikinyesha. Humo huongea na mkewe kwa simu, na wana mambo yao kama watu wote. Na barabara zetu zilivyo, kabini la lori ndilo hubeba mgonjwa anayepelekwa hospitali ya wilaya, mwanamke aliyeachwa anayerudi kwao na godoro, kijana aliyekosana na baba yake. Watu wakikaa pembeni ya dereva, barabara ndefu, hawamtazami usoni, husema mambo wasiyomwambia hata imamu. Nilimwuliza Mjomba kama Baba Mdogo anajua kuhusu jicho la pili. Akasema, "Atajua ya nini? Asiyeiba ana hofu gani?"

Swali hilo la Mjomba ni la zamani kuliko kamera. Plato, katika kitabu cha pili cha Jamhuri, anasimulia kwa kinywa cha Glaucon habari za mchungaji aliyepata pete ya kumfanya asionekane, akaitumia kumlala malkia na kumwua mfalme. Glaucon anataka kujua kama yuko mtu ambaye angebaki mwema akiwa na pete hiyo. Kamera ni pete hiyo imegeuzwa: badala ya kumficha mtu asionekane na yeyote, inamfanya asijifiche kamwe. Na swali linageuka nayo. Mtu asiyekaa hata dakika moja bila kuonekana, wema wake tutaujuaje? Miaka tisa Baba Mdogo alileta hesabu kamili bila kutazamwa. Waya wa njano ungechomekwa, mwaka wa kumi hata yeye mwenyewe asingejua kama analeta hesabu kwa kuwa ni mwaminifu au kwa kuwa anatazamwa. Niliona kwamba tungekuwa tunamnyang'anya kitu, na kitu chenyewe hakina bei ya kukatwa kwenye mshahara.

Mtu wa Mafia atanijibu papo hapo kwamba kila mtu anatazamwa tayari. Tumelelewa na Rakibu na Atidi, mmoja bega hili na mwingine lile, wanaandika. Nilikuwa mtoto nikiiba karanga za bibi huku nikitikisa bega la kushoto, nikidhani malaika atakosa shabaha. Wala hakuna aliyesema malaika hao wametuharibia uaminifu wetu. Hoja hiyo ina nguvu, na usiku ule sikuwa na jibu lake. Nililipata baadaye, kwa gharama ya mtu mwingine.

Usiku ule nilifanya hivi. Nilichukua nyaya zote mbili, mwekundu na wa njano, nikazipeleka pamoja kwenye fyuzi ya redio. Inawezekana, kamera haijui. Swichi ikizimwa, nyaya zote mbili zinakosa umeme na macho yote mawili yanafumba. Asubuhi nilimwonesha Mjomba picha ya barabara kwenye simu yake, safi kabisa, mpaka mikungu ya nazi inahesabika, naye akafurahi. Sikumwambia kwamba haitaona kitu lori likilala. Baba Mdogo nilimwambia tu kuwa ni kamera ya ajali. Nikapanda kivuko kurudi chuoni nikiwa najiona mtu wa haki. Pale Nyamisati niliandika hata aya mbili kwenye daftari kuhusu mimi na ile pete.

Wiki ya nne Mjomba alinipigia simu. Lori lilikuwa limelala Nyamisati likisubiri kivuko, asubuhi tenki limepungua dizeli, lita 40 kwa makadirio yake. Utingo alikuwa kwao siku hiyo. Dereva alikuwa amelala ndani ya kabini, madirisha amepandisha kwa ajili ya mbu, na alisema hakusikia kitu. "Mtu analala mkono mmoja kutoka kwenye tenki," Mjomba alisema, "lita 40 zinanyonywa, hasikii? Na kamera yako nimeitazama. Inaishia saa mbili usiku, inaanza saa kumi na moja alfajiri. Kuna mtu kaizima."

Nilisema nitaiangalia nikija. Hilo ndilo nililosema. Nilijua kwa nini kamera inaishia saa mbili, nilikuwa nimeishika sababu hiyo kwa vidole vyangu hivi, na nikasema nitaiangalia nikija.

Kamera ambayo haikuona kitu ikawa imetoa ushahidi: pengo lake lilisema kwamba dereva ameizima. Mjomba akaanza kukata mshahara wa Baba Mdogo kwa mafungu matatu. Na kilichonikosesha usingizi zaidi ni hiki: tenki la Canter liko ubavuni, nyuma ya kabini, wala jicho la mbele lisingemwona mwizi hata kama lingekuwa wazi. Jicho ambalo lingemsaidia Baba Mdogo ni lile la ndani. Lingemwonesha usiku kucha amejikunja kitini na shuka, amelala. Usingizi wake, ule nilioulinda kwa kiburi chote, ndio uliokuwa shahidi wake pekee duniani.

Siku ya tatu nilimpigia yeye kwanza, si Mjomba. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za mtihani, nikamweleza yote, nyaya, fyuzi ya redio, jicho la ndani. Akanyamaza muda, nikasikia kuku upande wake.

"Kwa hiyo uliona wanichunguze ni vibaya," akasema.

"Ndiyo, Baba Mdogo."

"Sasa mwanangu, si ungeniuliza?"

Hakusema zaidi. Akaniuliza kama Dar kunanyesha.

Nimekaa na swali hilo muda mrefu kuliko nilivyokaa na Glaucon. Mjomba aliamua Baba Mdogo atazamwe bila kumwuliza. Mimi niliamua asitazamwe bila kumwuliza. Nilikuwa nimejiweka upande wa pili wa Mjomba, kumbe tumekaa jamvi moja. Sote wawili tulimchukulia kama mzigo ulio kwenye lori: mmoja anataka uhesabiwe, mwingine anataka ufunikwe turubai.

Nilidhani pia kwamba kosa la kamera ni kuona. Sasa siamini hivyo. Shahidi naye huona, na hatumwiti mpelelezi. Tofauti yao naiona hapa: shahidi anaweza kuitwa na kila upande. Kijana wa bodaboda angeweza kumwita, Baba Mdogo angeweza kumwita, wazee wangemsikiliza na kumwuliza maswali, naye angeapa na kubeba lawama akisema uongo. Mpelelezi ana bwana mmoja. Anachokiona kinakwenda kwa bwana huyo, na kisipompendeza kinapotea. Kamera yetu ilifungwa ili iwe na bwana mmoja. Kadi ilikuwa mikononi mwa Mjomba, programu kwenye simu ya Mjomba, na hata udanganyifu wangu haukubadilisha hilo. Ulibadilisha saa za kazi tu. Baba Mdogo asingeweza kuiita hata siku moja. Hakujua kwamba kuna kitu cha kuita.

Na hapa ndipo nilipolipata jibu la wale malaika wawili. Katika mafundisho tuliyolelewa nayo, kitabu wanachokiandika mwisho anakabidhiwa mwenyewe aliyeandikwa, aambiwe akisome. Hata kwenye mahakama ile ambayo hakimu hana haja ya ushahidi wowote, mshitakiwa anashikishwa kumbukumbu yake mkononi. Na dini hiyo hiyo, katika sura ya Al-Hujurat, inawakataza watu kupelelezana. Zamani niliona mambo haya mawili yanagongana kidogo. Sasa naona ni jambo moja.

Kisiwa chetu kina kisa kingine cha kumbukumbu ambacho sikukijua mpaka nilipokikuta maktaba. Mwanaanthropolojia Mwingereza, Pat Caplan, alifika kaskazini mwa Mafia mwaka 1965 na akawa anarudi kwa miongo kadhaa. Mwanakijiji mmoja alimwandikia shajara, habari za kilimo, maradhi, ndoa, pepo, ugomvi, na sehemu kubwa ya kitabu cha Caplan cha mwaka 1997 imejengwa juu ya maandishi hayo, majina yakiwa yamebadilishwa. Mambo mengi ya ndani ya nyumba yako humo, pengine zaidi ya yale ambayo kamera ya lori ingeyanasa. Lakini aliyeshika kalamu ni yule yule anayesimuliwa. Aliamua jioni ipi aandike na ipi alale. Najua mtafiti na mwanakijiji hawakuwa sawa kwa uwezo, na sitaki kukifanya kisa hicho kiwe kitamu kuliko kilivyo. Nasema tu kwamba kalamu na memori kadi ni vitu viwili.

Sheria nayo imeliona jambo hili, kwa lugha yake kavu. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu amjulishe mhusika makusudi yake kabla ya kuzikusanya. Nilipomsomea Mjomba kifungu hicho alisema hajamwona polisi anayekagua nia za watu pale bandarini. Ni kweli. Mabasi ya mikoani yanafuatiliwa na LATRA kwa vifaa vya kuonesha mwendo, abiria wanashukuru, nami ninayeyapanda nashukuru pia. Kadiri tunavyokwenda, kila lori litakuwa na jicho, na sitajifanya kwamba ningetaka kurudi kwenye usiku ule wa masika ambapo neno la dereva na neno la kijana yalibaki yanatazamana.

Nilirudi Kilindoni Ijumaa iliyofuata. Nikamwambia Mjomba baada ya chakula, mbele ya mkewe, kwa sababu niliogopa kuwa naye peke yangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea ukali. Akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha, akasema, "Kumbe ulinidhania mimi hivyo."

Nikasema sikumdhania vibaya.

"Ulinidhania. Ungekuwa hunidhanii ungeniambia, 'Mjomba, hili la ndani silipendi,' tukagombana, tukamaliza."

Alikuwa na haki. Nilikuwa nimemhukumu mtu aliyenisomesha kuwa atakaa usiku kusikiliza maneno ya dereva na mkewe, na nilimhukumu kimya kimya, gizani, kwa testa ya kuazima. Huenda angesikiliza. Huenda asingesikiliza. Sikumpa nafasi ya kuwa mmoja wa watu hao wawili.

Jumapili tulikutana uani watu watatu, lori likiwa tupu. Nilimweleza Baba Mdogo kila kitu kilichomo kwenye ile karatasi, jicho la mbele, jicho la ndani, sikio, waya upi unafanya nini, nikitafsiri mstari kwa mstari. Nilidhani najua atachagua nini. Nilikuwa tayari kumwonesha jinsi ya kufunika jicho la ndani kwa gundi ya karatasi.

Akasema waya wa njano upelekwe panapostahili. Jicho la ndani libaki wazi, mchana na usiku. "Mimi nikilala nakoroma tu," akasema. "Acha lione."

"Na sikio?" Mjomba akauliza.

"Sikio lizimwe." Akafikiri. "Uso ni wangu, nakupa. Maneno ni ya watu ninaowapakia. Siwezi kukupa kitu cha watu."

Nimesoma kurasa nyingi kuhusu ridhaa, na sikumbuki mahali palipoligawa jambo hilo kwa usafi namna hiyo: alichokuwa nacho akakitoa, asichokuwa nacho akakizuia, wakati sisi tuliokuwa tukibishana juu yake hatukuwa tumewawaza abiria hao hata kidogo, au mimi niliwawaza usiku mmoja kisha nikawasahau. Mjomba alinung'unika kwamba sauti ndiyo ingemnasa mwizi. Baba Mdogo hakujibu. Mjomba akaacha. Halafu Baba Mdogo akaomba programu iwekwe na kwenye simu yake pia, na neno la siri walijue wote wawili. Hilo lilichukua muda zaidi ya nyaya, kwa sababu simu yake ilikuwa imejaa picha za wajukuu, hana moyo wa kufuta hata moja. Tukahamishia picha kwenye kadi ile ya kwanza na Mjomba akatoa fedha ya kununua kadi nyingine ya kamera.

Mafungu mawili yaliyokwisha kukatwa hayajarudishwa. Mjomba anasema dizeli ilipotea, aliyeiiba hajulikani, na hasara lazima ikae kwa mtu. Nilitaka kuilipa mimi, kwa kuwa pengo la kamera ni langu. Baba Mdogo alikataa, akasema nisimalizie ada kwa kulipa dizeli. Bado tunavutana juu ya hilo, sote watatu, kila mmoja na hesabu yake.

Kazi ya nyaya yenyewe haikufika nusu saa safari hii. Baba Mdogo alinishikia tochi. Nilichomoa waya wa njano kwenye fyuzi ya redio, nikauhamishia kwenye fyuzi ya taa ya kabini, nikaweka fyuzi ndogo, nikachagua kiwango cha juu kuliko vyote cha kukatia ili betri zisichoke. Akapanda kitini, akawasha swichi, kamera ikalia kidogo. Akazima, akachomoa funguo. Tukasubiri. Kitaa kidogo cha bluu pembeni ya kamera kikaendelea kupepesa.

Akakitazama, kisha akaegemea kama mtu anayelala, jicho moja amefumba. "Hiki kitanisumbua," akasema. "Kinaweza kufunikwa?"

"Kitaa au jicho?"

"Kitaa tu."

Nikakata kipande cha gundi nyeusi, upana wa kucha, nikakibandika.